Mkono wa Kushoto wa Karani Okiring

Nimestaafu. Nina miaka kumi na tisa, na najua wazee watacheka wakisikia neno hilo, lakini mtu aliyefanya kazi likizo tisa mfululizo kisha akaiacha aitwe nani? Mwezi ujao naingia chuo cha ualimu. Barua waliyoniletea inataja blanketi mbili, jembe, sahani ya bati na viatu vyeusi. Haitaji besi, lile gita la sauti nzito. Kwa hiyo jana nimeifuta, nimelegeza nyuzi, nimeilaza ndani ya sanduku lake, na Bwana Wandera, kiongozi wa bendi yetu hapa Malaba, akaniambia nikae chini na huyo atakayekuja nyuma yangu nimweleze kazi.

Nikasema sawa, halafu nikaona siwezi. Mimi kuongea na mtu nisiyemzoea ni kama kukalia siafu. Wandera ananijua. Akasema, "Basi andika, Egesa. Si wewe kila saa uko na daftari?"

Ni kweli. Nina madaftari manne, na nimeyasoma yote tangu asubuhi ili nikuandikie haya. Sitakuambia nilikuwa napewa nini baada ya densi, wala ni lini nilianza kuitwa mpigaji kamili. Hayo hayatakusaidia kushika uzi. Nitakuambia habari za siku za kwanza, za vifaa, na za mkono wa mtu aliyenifundisha. Ukichoka katikati, ruka, lakini usiruke habari za mkono.

Nilikuja Malaba mara ya kwanza likizo ya Aprili, kidato cha pili. Kwetu ni Busibwabo, ila shangazi yangu ameolewa na mtu wa reli, na mama alinituma niwasaidie palizi. Jumapili moja mchana shangazi akanituma sukari. Nilipopita nyuma ya ile baa yenye uwanja mpana nikasikia mabati ya ukuta yanatetemeka. Si kelele; mabati yenyewe yalikuwa yanatembea kidogo kidogo, kama ngozi ya ng'ombe inayofukuza nzi. Nikaegemea. Gita la juu lilikuwa linalia, watu wanacheza, lakini mimi nilikuwa nasikiliza kile kitu cha chini kilichokuwa kinaingia mgongoni. Sukari ilichelewa siku ile, na nilichapwa kidogo.

Jumapili iliyofuata nilisimama pale pale. Walipopumzika, mpiga besi akatoka nje kuvuta hewa akanikuta. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa miaka thelathini na kitu, mwenye kalamu mfukoni hata akiwa kwenye densi. Huyo ndiye Okiring. Siku za kazi alikuwa karani wa mizani pale kwenye kiwanda cha pamba, ndiyo sababu kila mtu alimwita Karani. Akaniuliza nasikiliza nini. Nikamwambia ile ya chini.

"Wenzako wanasikiliza ile ya juu."

"Ile ya juu inajitangaza yenyewe," nikasema. Mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri wa maneno hayo.

Alicheka, akaniambia nije Jumatatu akimaliza mizani.

Usidhani nilipewa besi Jumatatu hiyo. Nilipewa sanduku la majani ya chai lililogeuzwa chini juu, fimbo, na waya mmoja wa breki ya baiskeli uliofungwa kutoka kwenye fimbo mpaka katikati ya sanduku. Ukiivuta fimbo nyuma, sauti inapanda, ukiilegeza, inashuka. Likizo nzima nilipiga sanduku. Okiring alikuwa anakaa juu ya robota la pamba anakula karanga, na kila nilipoongeza sauti ya urembo alinisimamisha kuniuliza kwa nini nimeiweka. Nikisema imeingia tu, alisema basi itoe. Nikiwa na sababu, hata ya kipumbavu, aliniachia. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ninayokuachia, na ni yake: sauti ambayo huwezi kuieleza, usiipige.

Agosti ndipo nikashika besi yenyewe. Utaiona. Ni ya Kijapani, nyekundu, waliinunua kwa dereva mmoja aliyeitoa Mombasa. Shingo imepinda kidogo kama mtu aliyeitwa kwa nyuma, kwa hiyo ule uzi mnene usiubonyeze mbali sana na kichwa, utapiga kelele kama nyuki. Upande mmoja rangi imefifia. Sababu yake nitakuambia mbele.

Nyuzi hazipatikani hapa. Hata Busia hakuna, hata ukivuka upande wa Uganda utazunguka mpaka Tororo urudi mikono mitupu. Kwa hiyo tunazichemsha. Zikishakuwa na jasho na uchafu sauti yake inakufa. Unazitoa, unazikunja mviringo, unazitia katika maji na magadi kidogo, zichemke mpaka maji yawe ya kahawia, kisha unazifuta kavu kabisa na kuzianika. Zinaamka, zinakaa hai kama mwezi. Ila angalia sufuria. Wandera aliwahi kuzichemsha katika sufuria iliyokuwa imepika samaki wa Osieko, kule ziwani, na haijaoshwa. Jumapili tatu tulinuka samaki jukwaani, na paka wa pale baa alikuwa shabiki wetu wa kwanza kufika.

Habari ya umeme ni hii. Uwanjani hakuna. Amplifaya inakula betri ya lori, na malori yako mengi kiwandani yakisubiri kupakiwa pamba. Dereva akiwa mpenzi wa muziki anakuachia betri mchana mzima ukimpigia nyimbo mbili anazotaka. Nyaya zote mbili zifunge kwenye betri yenyewe. Mimi, Desemba ya mwaka ule wa kwanza, niliona uvivu kufungua kifuniko chote, nikafunga waya mmoja kwenye betri na wa pili kwenye mwili wa lori, kama nilivyomwona fundi akifanya kwa lori jingine. Kumbe malori ya Kiingereza mengi yamefungwa kinyume: mwili umeshikana na ule upande wa betri wenye alama ya kujumlisha. Amplifaya ilitoa moshi, ikanuka kama nywele zilizoungua, ikanyamaza. Watu walikuwa wameshafika. Okiring alizifungua nyaya. Alikwenda akaleta lile sanduku la chai, akalipiga densi nzima, na watu walicheza. Baadaye alisema tu kwamba lori halina makosa. Fundi wa redio wa Busia alikaa na ile amplifaya karibu mwezi.

Sasa nikufikishe kwa Mama Nafula, maana huko ndiko kazi yetu ilikofanyika zaidi kuliko jukwaani.

Mama Nafula ana kibanda cha chai karibu na lango la kiwanda, na ana redio kubwa ya mbao. Spika yake ilichakaa zamani. Inatoa sauti ya mwimbaji, inatoa gita, besi haitoki kabisa. Lakini ukiweka kiganja ubavuni mwa lile sanduku, besi iko. Inapita ndani ya mbao. Basi wapenzi wa besi wa Malaba, na tulikuwa wachache sana, tulikuwa na desturi yetu ya Jumamosi asubuhi: tunalizunguka sanduku, kila mtu ameweka kiganja, macho yamefumbwa, na tunabishana ni nani anapiga. Mtu mgeni akipita anadhani tunaombea redio.

Majina ya wapiga besi hatukuyajua. Sahani za santuri zinaandika mwimbaji, zinaandika mpiga gita, wakati mwingine zinaandika hata mwenye duka. Mpiga besi haandikwi. Kwa hiyo tuliwabatiza wenyewe. Yule wa Kongo asiyechelewa wala kuwahi tulimwita Fundi Saa. Wa Kampala mwenye mkono mzito alikuwa Matope. Wa Nairobi aliyependa kupanda na kushuka taratibu kama ngazi tulimwita Kwaya. Kulikuwa na dereva mmoja wa Thika, Njoroge, aliyemtetea Kwaya kama ndugu yake, akisema hao wengine wote wanapiga kama watu wanaotwanga mahindi. Mama Nafula alimjibu kwamba mahindi yanaliwa, ngazi hailiwi. Njoroge akaagiza mandazi.

Mwamuzi alikuwa Okiring. Aliweka kiganja cha kushoto, daima cha kushoto, maana alisema huo ndio mkono unaojua nyuzi ziko wapi. Baada ya mistari miwili alikuwa anakuambia si tu kwamba huyo ni Matope, bali kwamba Matope leo anatumia kidole gumba. Sikuwahi kumwona akikosea mpaka Agosti ya mwaka wa pili, nikiwa kidato cha tatu.

Siku hiyo lori lilikuwa limesimama mlangoni, injini inanguruma, hata mwimbaji hatumsikii. Tulikuwa na viganja tu. Wimbo ukaisha, besi ikakatika chini ya mkono wangu, nikajua mtangazaji ameanza kusema. Mimi nikatoa mkono, Njoroge akatoa mkono. Okiring alibaki amefumba macho, kiganja juu ya mbao, kichwa kinapiga mdundo. Lori likaondoka, na hapo tukasikia habari za bei ya ng'ombe, na yeye bado anatikisa kichwa.

Njoroge alicheka mpaka akashika meza. "Karani, hiyo ni besi ya nani? Ya ng'ombe?"

Okiring akafungua macho, akacheka pia, akasema alikuwa anatuchezea tu. Wote wakaamini. Mimi nilikuwa namwangalia. Dakika chache baadaye Mama Nafula alimwomba amsogezee sufuria ya chai, na yeye akaishika kwa mkono ule wa kushoto, ile ya bati, imetoka jikoni sasa hivi, akaibeba polepole, akaiweka mezani, akaendelea kuongea.

Kwetu Busibwabo kulikuwa na mzee aliyekuwa anawasha kiko chake kwa kuchukua kaa la moto na vidole. Sisi watoto tulimsifu kwamba ni jasiri. Miaka ikapita vidole vikapungua, na hatimaye watu wa afya wakaja wakampeleka Alupe, kwa wagonjwa wa ukoma. Mama alituambia kwamba ule haukuwa ujasiri. Mkono ulikuwa hausikii. Kwa hiyo nilipoiona ile sufuria nilijua. Siku ileile jioni Okiring alipokunja shati ili tufunge spika juu ya mkokoteni, nikaona juu ya kiwiko baka lenye rangi iliyopauka, laini, bila jasho, ingawa mkono wote ulikuwa unatiririka.

Nikaendelea kukaza kamba ya spika.

Hapa nataka kuandika kweli, maana daftari langu la wakati ule halikuandika. Jumapili ya pili baada ya hapo ncha ya uzi ilimkata kidole jukwaani, damu ikashuka kwenye shingo ya besi mpaka kwenye shati, na yeye akaendelea kupiga kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mpiga ngoma ndiye aliyemwonyesha. Okiring akasema ni sugu tu, vidole vya mpiga besi havina habari. Kisha akanipa besi. "Hizi tatu za mwisho chukua wewe, mimi nipumzike." Jumapili iliyofuata zikawa nne. Kabla sijarudi shule zilikuwa sita.

Unajua nilichoandika? Nimeusoma ukurasa leo asubuhi. "Leo nimepewa nyimbo sita. Mzee anasema naendelea vizuri." Hakuna baka, hakuna sufuria, hakuna damu. Niliifuta ile damu mimi mwenyewe kwa kitambaa na sikuiandika. Kila kidole chake kilipokosa, wimbo mmoja ulihamia kwangu, na mimi nilikuwa nahesabu nyimbo. Nikarudi shule. Muhula mzima nilijiambia kwamba mtu mzima anajua mwili wake, kwamba si heshima kijana kumtajia mkubwa ugonjwa kama huo, kwamba labda nimekosea. Lakini usiku... hapana, tuseme hata mchana darasani, nilijua sijakosea.

Desemba nilipofika nilimkuta kwenye mizani. Akaniinulia mkono kunisalimu, na kidole kidogo hakikunyooka. Kilikuwa kimekunjwa kama mtu aliyeshika uzi usioonekana, na cha pili yake kilikuwa kimeanza kukifuata.

Nilingoja wapakiaji waende kula.

"Mzee," nikamwambia, "twende Alupe."

Kalamu ilikuwa mkononi, akaiweka sikioni. "Nani amekupa hiyo neno?"

"Hakuna. Nimeona."

"Basi hujaona. Na usiniletee tena."

Jumapili hiyo hakuja kwenye densi. Nilipiga nyimbo zote, na nakuapia sikuona utamu. Wandera aliniuliza Karani yuko wapi, nikasema sijui. Jumatatu asubuhi Okiring alikuwa nje ya nyumba ya shangazi, ameshika baiskeli, amevaa shati safi la kanisani. Hakusalimia. Aliniambia tu nikae nyuma, au kama naweza, niendeshe mimi, maana breki ya mkono wa kushoto haimtii vizuri.

Niliendesha. Ni safari ya kutosha kutoka hapa mpaka Alupe ukiwa umebeba mtu mrefu kuliko wewe. Kule muuguzi alimwambia afumbe macho, akawa anamgusa mkono kwa unyoya, na yeye aonyeshe ni wapi ameguswa. Mkono wa kulia alionyesha pote bila kukosea. Wa kushoto, muuguzi aligusa kiganja, akagusa kidole, akagusa tena kiganja. Okiring alikaa tu, amefumba macho, amenyoosha kidole cha kulia hewani, anasubiri aguswe. Nilitoka nje.

Walimbakiza. Walisema vidonge vipo na ugonjwa utasimama, na kwamba hauambukizi ovyo kama watu wanavyodhani. Walisema pia, na hili ndilo nililorudi nalo njiani peke yangu, kwamba angekuja miezi michache mapema kidole kile kingeweza kunyooka.

Habari ilifika Malaba kabla ya baiskeli. Nilipofika kwa ajili ya mazoezi, Wandera alikuwa ameilaza besi juu ya mawe na kuimwagia mafuta ya taa, anaisugua na gunia. Huo ndio ule upande uliofifia rangi. Sitaki umwone Wandera kuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wadogo nyumbani na alikuwa anaogopa. Lakini alipomaliza hakuna aliyetaka kuigusa. Mpiga gita wa pili, ambaye miaka yote alikuwa anaililia, alikumbuka ghafla kwamba vidole vyake ni vifupi. Wandera akaniambia, bila kunikaribia, "Wewe umeshaishika sana. Endelea nayo tu."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpiga besi wa bendi. Wengine hupigiwa makofi.

Kwa Mama Nafula nilianza kupewa chai katika kikombe cha bati kilichofungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, changu peke yangu, kikioshwa peke yake. Hakusema sababu na mimi sikuuliza. Kiganja changu kilipofika kwenye redio, viganja vingine vilikumbuka kazi. Hata Njoroge alianza kunywa chai kwenye lori. Nilipitisha Jumamosi nyingi nikiwa peke yangu na Fundi Saa.

Aprili ya mwaka huu, kidato cha nne, nilikwenda Alupe kumtazama. Nilimkuta amekaa barazani, ametoka kuloweka mikono kwenye maji, anajipaka mafuta kidole kimoja kimoja kama walivyomfundisha. Alikuwa amenenepa kidogo. Swali la kwanza lilikuwa nyuzi zimechemshwa lini. La pili, nani anapiga. Nikamwambia ni mimi. Akatikisa kichwa, akaendelea kupaka mafuta, akaanza kunieleza kwamba redio ya wodini ina spika nzuri na kwamba tulikuwa tumemwonea Kwaya, ni mpigaji mzuri sana, tulikuwa tunamsikia vibaya.

Mimi sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nimelipanga neno langu tangu shule.

"Mzee, mimi nilijua tangu Agosti."

"Ulijua nini?"

"Mkono. Niliona sufuria, nikaona baka. Nilinyamaza mpaka Desemba. Nilitaka zile nyimbo."

Hakuacha kupaka mafuta. Alimaliza mkono wa kulia, akahamia wa kushoto, na alipofika kwenye kile kidole kilichokunjika alikishika kwa mkono mwingine, akajaribu kukinyoosha, kikarudi.

"Mimi nilijua mwaka mmoja kabla yako," akasema. "Nimenyamaza kukushinda, na mkono ni yangu." Nilipofungua mdomo akaniwahi. "Lakini usiende nyumbani ukisema Okiring amesema ni sawa. Si sawa. Hiki kidole tumekikula watu wawili."

Kisha akaniuliza kama ule uzi mnene bado unalia kama nyuki. Tukaongea besi mpaka kengele ya chakula. Nilirudi nikiwa mwepesi na mzito pamoja, sijui kama unaelewa. Sikusamehewa na sikufukuzwa. Kila nilipopata nafasi Agosti nilikwenda tena, na kila mara tuliongea nyuzi, wapigaji, na nani anakimbilia urembo siku hizi. Ile chai ya kikombe cha uzi mwekundu iliisha mwezi huohuo. Mama Nafula mwenyewe alikichukua siku moja, akakitupa nyuma ya kibanda, akanimiminia katika kikombe cha watu. Hilo pia sikuuliza.

Na sasa Desemba hii, ya mwisho. Okiring alitolewa Alupe akiwa na barua ya daktari kwamba amepona na anaweza kuishi na mtu yeyote. Kiwandani walikuwa na karani mwingine. Mkono wa kushoto hauwezi kushika shingo ya besi tena; vidole viwili vimekaa jinsi vilivyokaa. Utamkuta hapa Malaba, na utamjua kwa kalamu. Mpe mkono ukimsalimu, mkono mzima, usimpungie kwa mbali. Usingoje uone wengine wanafanya nini. Mimi nilingoja, umeshasoma.

Jumapili aliyorudi tulikuwa tunapiga uwanjani, saa tisa hivi, jua bado kali, watu wengi kwa sababu pamba ilikuwa imeuzwa. Aliingia kwa lango la nyuma na shati lake la kanisani. Wandera alimwona, akamwinulia mkono kutoka jukwaani huku anapiga. Mama Nafula, aliyekuwa anauza chai pale, alimpelekea kigoda, akakiweka chini, akarudi. Okiring akakaa. Na watu wakaanza kucheza kwa upande mwingine. Duara likafunguka kumzunguka, pana, safi, kama mahali palipochimbwa shimo. Alikuwa amekaa katikati yake na mikono yake juu ya magoti, anasikiliza.

Mimi husimama ukutani nikipiga, huwa sipendi kuonekana. Tulikuwa katikati ya wimbo. Nikaanza kutembea. Sikuacha kupiga, nilishuka tu jukwaani na besi yangu, waya unaniburuta nyuma, nikapita kati ya wachezaji, na wote wakanigeukia. Nilisikia Wandera akiniita kwa jina. Nilifika ukingoni mwa lile duara nikaingia ndani, na hatua mbili kabla ya kigoda waya ukakaza. Ulikuwa umeisha. Nikiuvuta zaidi utachomoka na muziki ufe. Nikabaki nimesimama pale katikati ya watu wote, napiga, siwezi kwenda mbele, nyuma sitaki.

Okiring aliutazama waya, akaufuata kwa macho mpaka jukwaani, akarudi mpaka kwangu. Akainuka, akashika kigoda kwa mkono wa kulia, akakisogeza zile hatua mbili, akakaa, magoti yake karibu yaguse besi. Alisikiliza mstari mmoja, akasikiliza wa pili.

"Unakimbia," akaniambia.

Nikapunguza mwendo.